Damu ipimwe sawa, lakini skani ya mapema kwanza

Nimesoma hii habari ya watafiti wanaotafuta alama kwenye damu ya mama mjamzito zionyeshe mapema kama mtoto atakuja kabla ya wiki 37 na kusema ukweli nimefurahi, wangu wa kwanza alikuja wiki ya 31 hapa Kisumu, sikuwa na dalili yoyote, mgongo tu ulikuwa unauma nikadhani ni kufua nguo. Lakini jamani tusikimbie. Kipimo cha fibronektini, protini inayoweza kuashiria kuzaa mapema, kimekuwepo miaka mingi, wanachukua majimaji karibu na mlango wa kizazi, na uzuri wake ni kikisema hapana, yaani si rahisi uzae wiki moja au mbili zijazo, kikisema ndio wengi bado wanaendelea tu na mimba yao. Sasa hiyo ya damu itasaidia nini kama wiki zenyewe hatuzijui?? Huku wengi wetu tunaanza kliniki tumbo lishaonekana, nesi akiuliza hedhi ya mwisho unakisia tu, na skani ya mapema ndio hupima umri wa mimba vizuri. Ikijulikana mapema kwamba mtoto atawahi kuja, kuna sindano ya deksamethasoni anayochomwa mama ya kukomaza mapafu ya mtoto, na si dawa ya bei ghali. Wangu nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi karibu mwezi mzima, mama mkwe anashangaa mbona simvalishi mtoto nguo 😂 saa hii yuko gredi ya tatu na hanyamazi.