Miguu sita kwenye matope: kuunda mashine zitembeazo kwa mchezo wa bunilizi ya sayansi

Nilikuwa nimewaeleza wenzangu mezani kwamba walowezi wa sayari ile husafiri kwa mashine kubwa zenye miguu minne. Mchezaji mmoja akaitazama ramani niliyoichora, tambarare tupu kutoka bandari ya vyombo vya anga mpaka mgodini, akauliza: "Sasa hawa kwa nini hawakununua lori?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali hilo sijaliacha. Kila anayebuni mashine ya miguu kwa ajili ya mchezo analazimika kulijibu, iwe mapema akiwa peke yake na karatasi zake, au baadaye mbele ya watu.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akaigiza mhusika wake, na mwendesha mchezo akaueleza ulimwengu na kuamua matokeo kwa kanuni na dadu. Traveller, mchezo uliotolewa na Game Designers' Workshop ya Marekani mwaka 1977, uliwazoesha wachezaji wengi wazo kwamba ulimwengu wa kubuni unaweza kupigiwa hesabu: ukubwa wa sayari, hewa yake, gharama ya safari kutoka nyota moja hadi nyingine. Ukishaingia katika mazoea hayo, mashine ya miguu inakupa mtihani, kwa sababu wachezaji wanaipenda na fizikia haiitaki.

Nianze na fizikia. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638: kitu kikikuzwa, uzito hukua upesi kuliko eneo linaloubeba. Chukua mtu wa kilo 70, mwenye urefu wa mita 1.75. Akisimama kwa mguu mmoja, unyayo wake una eneo la sentimita za mraba 175 hivi, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba kilo 0.4. Mkuze mara sita. Sasa ana mita 10.5, unyayo umekua mara 36, lakini uzito umekua mara 216 na kufika tani 15. Kila sentimita ya mraba chini ya mguu wake inabeba kilo 2.4. Kifaru cha kivita cha kisasa, chenye tani zaidi ya 60, hukanyaga ardhi kwa takriban kilo moja kwa sentimita ya mraba, kwa sababu uzito wake umetandazwa juu ya mikanda mirefu ya chuma. Yaani jitu letu la tani 15 linazama pale ambapo kifaru cha tani 60 kinapita, wakati sababu nzima ya jitu kupewa miguu ilikuwa lipite mahali magari yanapokwama.

Kuna na viungo. Gurudumu likishaanza kuzunguka linaendelea kuzunguka. Mguu lazima usukumwe, usimamishwe, urudishwe nyuma, usimamishwe tena, na kila mara nishati inapotea. Mguu mmoja unahitaji viungo vitatu hivi ili uweke unyayo popote utakapo. Miguu sita ni viungo 18, kila kimoja na mota au silinda yake ya haidroliki, mpira wake wa kuzuia mafuta yasivuje, na kihisi cha kupima pembe. Fundi anayejua vumbi linavyotafuna mashine atakwambia hapo pana maumivu kiasi gani.

Haya si ya kukisia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya General Electric ilitengeneza mashine ya miguu minne kwa ajili ya jeshi la Marekani, kazi iliyoongozwa na mhandisi Ralph Mosher. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Dereva alifungwa mikanda katikati yake: mikono yake iliendesha miguu ya mbele, miguu yake iliendesha ya nyuma, na nguvu za ardhi zilirudishwa kwake kupitia haidroliki ili ahisi anachokikanyaga. Mtu huyo alikuwa akitembea kwa miguu minne, huku akili yake ikikumbuka kila mguu ulipo, bila kompyuta ya kumsaidia. Mashine ilipanda vizuizi na kusukuma vitu vizito, lakini dereva alichoka baada ya dakika chache tu. Miongo kadhaa baadaye Boston Dynamics ikaunda LS3, mnyama wa chuma wa kubebea wanajeshi mizigo ya kilo 180. Huyo alijisawazisha mwenyewe, na mwaka 2015 bado akawekwa kando, kwa kuwa injini yake ilipiga kelele za kumwambia adui tulipo.

Anayesimama upande huu atasema basi, futa miguu, wape wachezaji kifaru. Namwelewa, lakini naona ametazama tambarare peke yake.

Gurudumu linahitaji njia isiyokatika, ilhali mguu unatosheka na mahali pa kukanyaga, kisha pengine tena mbele kidogo, na kilichopo katikati hakiuhusu. Mwaka 1994 roboti ya miguu minane iitwayo Dante II, kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliteremka ndani ya kasoko ya mlima wa volkano wa Spurr kule Alaska, ikakaa humo siku kadhaa ikipima gesi kati ya mawe na majivu. Wakati wa kurudi juu iliteleza ikaangukia ubavu, na ikabidi itolewe kwa helikopta. Mimi huiona safari hiyo kuwa hoja bora ya kutetea miguu, pamoja na anguko lake, kwa sababu hapakuwa na barabara ya kuingia humo.

Hata ukubwa si kosa lenyewe. Huko Ohio, kuanzia 1969 hadi 1991, ilifanya kazi mashine ya kufukua udongo uliofunika makaa ya mawe iliyoitwa Big Muskie, yenye uzito wa zaidi ya tani 12,000, na ilihama kwa kutembea. Ilikalia kitako kipana, ikanyanyuka juu ya nyayo mbili kubwa, ikasogea hatua moja, ikakaa tena. Mbuni wa mchezo anayetaka ngome itembeayo asianzie kwenye umbo la binadamu. Aanzie hapo.

Upo utetezi mwingine, wa watu wasiojali fizikia, nao nauheshimu. BattleTech, mchezo wa mezani ulioanza 1984, una mashine za miguu miwili za tani 20 hadi 100, na hakuna hesabu ya udongo itakayoziokoa. Umedumu kwa sababu ndani ya kanuni zake kila jambo lina gharama. Ukifyatua silaha nyingi kwa pamoja, joto linapanda na mashine inaanza kukugomea. Ukipata pointi 20 au zaidi za uharibifu katika zamu moja, rubani anarusha dadu asianguke. Mchezaji anaamini anachokilipia. Wanaosema hadithi haihitaji hesabu wanapitwa na hilo: BattleTech ni hesabu tupu, ila ni hesabu inayomlazimisha mchezaji kuchagua.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Namba ya kifizikia ikimpa mchezaji uamuzi mgumu, naiweka kwenye karatasi ya mashine. Isipompa, naiacha daftarini kwangu.

Tazama uvutano. Mashine inayotembea kama sisi, mwili ukipita juu ya mguu ulionyooka, ina ukomo wa kasi: kipeuo cha pili cha urefu wa mguu mara nguvu ya uvutano. Ukizidisha hapo, uvutano hauwahi kukurudisha chini na unyayo unaachana na ardhi. Mguu wa mita mbili unakupa kilomita 16 kwa saa hapa duniani, karibu 10 kwenye Mirihi, na 6.5 tu Mwezini. Ndiyo maana wanaanga wa Apollo walirukaruka kule badala ya kutembea. Unaweza kulikwepa sharti hilo kwa kuendesha magoti yakiwa yamekunjwa, mwili usipande wala kushuka, lakini injini italipa. Mwendo wa kawaida au magoti yaliyokunjwa, mafuta au muda: huo ni uamuzi wa mezani.

Namba nyingine ninayoiweka ni uchovu wa dereva, niliyoichukua moja kwa moja kwa yule dereva wa mashine ya General Electric. Saa ya kwanza kwenye ardhi mbaya, jumla ya dadu mbili iwe 6 au zaidi ndipo dereva afaulu: nafasi 26 kati ya 36. Saa ya pili, 8 au zaidi, na nafasi zimeshuka hadi 15. Ghafla wachezaji wanaulizana nani atashika usukani baadaye, na mhusika aliyekuwa akikaa nyuma kimya ana kazi.

Mashine yangu nikaichora upya. Miguu sita, kwa sababu mitatu ikinyanyuka mitatu inabaki chini kama mafiga, na haianguki hata injini ikizimika katikati ya hatua. Tani nne, na kila unyayo ni sahani ya duara yenye kipenyo cha sentimita 60. Mitatu iliyo chini inabeba kilo 0.47 kwa sentimita ya mraba, karibu sawa na mtu anayetembea. Ikipakiwa tani moja ya shehena inafika 0.59. Halafu nikabadilisha ramani. Ile tambarare nikaifuta, nikaweka uwanda wa mawe ya volkano wenye nyufa pana, na mbele yake matope ya maji kupwa. Hayo matope nayajua. Aliyewahi kupita kwenye mikoko anajua kwamba kuzamisha mguu ni rahisi, shida ni kuutoa, maana tope linauvuta, na unapoung'oa huo mwingine ndio unaozama.

Tulipocheza tena, aliyeuliza habari za lori ndiye aliyekuwa dereva. Mguu wa nne ulizama mpaka gotini, maji ya bahari yakiwa yameanza kurudi, na nyuma kulikuwa na tani moja ya dawa za watu wa mgodini. Akanyamaza kidogo, akavuta karatasi ya mashine, akaniuliza: "Tukishusha nusu ya mzigo, shinikizo linabaki ngapi?" Nikampa kalamu.