G7 ikivuta, upige skeli gani?

Wapiga gitaa wa jazi hapa Nairobi wakikutana, swali hili halikosi: kodi ya G7 (noti G, B, D na F zikipigwa pamoja) inapovuta kwenda C, solo ifuate skeli gani, yaani ngazi gani ya noti? Wapo wanaosema altadi, skeli yenye noti zilizobadilishwa ili kuongeza mvutano, basi. Wengine wanasema achana na skeli, shika noti za kodi na usikilize.

Hawa wa pili wana hoja nzito, hasa kwetu tuliolelewa na benga, muziki wa gitaa wa Kenya, ya mtaa wa River Road. Kule gitaa la solo hujibu mwimbaji juu ya kodi chache tu, na utamu wote umo kwenye melodia. Isitoshe, mvutano wa G7 umebebwa na noti mbili, B na F. Shika F kwenye uzi wa nne, freti ya 3, na B kwenye uzi wa tatu, freti ya 4. Sasa shusha F freti moja iwe E, pandisha B freti moja iwe C. Umetua, na skeli hujaigusa.

Lakini noti mbili haziwezi kujaza solo nzima. Altadi ya G ni skeli ya maina ya melodi ya A flati (A iliyoshushwa freti moja) ikianzia G. Inazo B na F, ikaongeza A flati, B flati, D flati na E flati. Ila D haimo. Mpiga kinanda akishikilia D ya kawaida, kama wengi wanavyofanya kanisani, utasikika umepotea, maana mmeshika kodi mbili tofauti.

G7 ikitua C meja, mimi ningeanza na skeli ya diminishi, ile ya nusu toni (freti moja) kisha toni (freti mbili): G, A flati, B flati, B, D flati, D, E, F. D imo, na E inakutangulizia C. Kwenye gitaa ni rahisi ajabu: sogeza shepu (mkao wa vidole) ya G meja freti 3, mara tatu, upate B flati, D flati na E, zote ndani ya skeli. Hatari ndiyo hiyo hiyo, vidole vinajiendea na msikilizaji anasikia hesabu badala ya wimbo.

Ikitua C maina, diminishi naiacha, kwa sababu E yake inagombana na E flati inayokuja. Hapo nachukua altadi, au maina ya hamoniki ya C ikianzia G, ambayo haigombani na D ya kinanda.

Na wimbo ukikimbia, G7 ikikaa mapigo mawili tu, skeli nzima haiingii. Chagua noti moja chungu, tuseme A flati, uiteremshe hadi G juu ya C.