Askofu Mkuu Aliyewafungulia Lango

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, mbwa alianza kubweka kwa fujo katika makazi ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Ua ulikuwa umevunjwa. Mlangoni alisimama mtu aliyemfahamu, uso wake una jeraha, kwa hiyo Luwum akafungua akidhani anahitaji msaada. Hapo ndipo walipojitokeza askari wenye silaha, wakamkandamiza mtutu wa bunduki tumboni na kumtaka aonyeshe silaha zilikofichwa. Walipekua nyumba nzima, wakatafuta hata chini ya meza ya Bwana katika kanisa dogo la nyumbani, wakachokoachokoa magunia ya ufuta na karanga yaliyokuwa chakula cha familia, wasipate kitu.

Walipotaka kuondoka wakaomba wafunguliwe lango. Mkewe, Mama Mary, akawaambia wapite palepale walipoingilia, na ni nani angemlaumu? Lakini Luwum akasema kwamba wao ni Wakristo, mioyo yao ni safi, na ili kulishuhudia hilo watawafungulia lango. Wakafunguliwa, wakatoka kama wageni wanavyotoka.

Kwangu mimi, ujasiri wa Kikristo wote umo katika lango hilo, kuliko hata katika kifo kilichofuata siku kumi na moja baadaye. Katika makanisa yetu tumezoea kuupima ujasiri wa imani kwa namna vita vilivyokwisha. Tunahubiri habari za Daudi na Goliathi kana kwamba jiwe halikosi shabaha kamwe, kisha Jumapili tunampa kipaza sauti aliyepona, aliyepata mtoto, aliyeshinda kesi. Sina neno na shuhuda hizo. Nimezishangilia na nitaendelea kuzishangilia. Ila sijapata kumwona mtu akiitwa mbele kwa sababu aliomba, akakataliwa, na bado akaendelea kuwa mwema kwa watu waliomwonea. Mtu huyo hukaa benchi la nyuma akijiuliza imani yake ilipungukia wapi.

Waebrania sura ya 11 ingetosha kumjibu. Katika mstari wa 34 wako watu ambao kwa imani "waliokoka na makali ya upanga", na mistari mitatu tu baadaye wako wengine ambao "waliuawa kwa upanga". Mwandishi hatofautishi imani ya hawa na ya wale, wala hasemi kwamba waliokufa walikuwa na mashaka moyoni. Wote anawaweka kwenye orodha moja na kusema wameshuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Naye mfalme Yehoshafati, alipozungukwa na majeshi ya Moabu na Amoni, hakuanza kwa kutangaza ushindi. Alisimama mbele ya watu wake, watoto na wake zao wakisikiliza, akakiri kwamba hawana uwezo juu ya jamii kubwa ile, "wala hatujui tufanyeje, lakini macho yetu yatazama kwako." Ni nadra kiongozi kusema "hatujui tufanyeje" hadharani, na nadhani kanisa linalolikwepa neno hilo linajinyima nusu ya sala.

Luwum alikuwa mwalimu wa shule kutoka Mucwini, nchi ya Waacholi, aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotupatia neno mlokole. Alipokuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, Idi Amin alikuwa ametawala miaka mitatu na watu walikuwa wakitoweka. Luwum hakuwa na jeshi wala redio. Alichokuwa nacho ni nafasi ya kumfikia rais, naye aliitumia kwenda kuwaulizia waliokamatwa, mpaka baadhi ya waumini wake wakamshuku kwamba amekuwa mtu wa serikali. Baada ya upekuzi ule, maaskofu wakamwandikia Amin barua wakisema wazi kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda Mganda sasa inatumika kumnyang'anya uhai na mali. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa kwenye jengo la Nile Mansions, Kampala, askari wakapiga kelele kwamba Luwum auawe, na jioni ile akabakizwa peke yake wenzake walipoamriwa kwenda nyumbani. Kesho yake redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wake ulipofika kijijini, watu waliona matundu ya risasi.

Sithubutu kuyalinganisha maisha yangu na hayo. Hata hivyo, lango lile lilinisaidia siku moja. Nilikuwa mtunza stoo katika kampuni fulani, nikatakiwa kusaini kwamba nimepokea mzigo ambao lori lake halikuwahi kuingia getini. Nilikataa. Ndugu wa jumuiya yetu walifunga siku tatu, wakanikumbusha kwamba Bwana atanipigania nami nitanyamaza kimya. Mkataba wangu haukuhuishwa, na siku naondoka nilikuwa nikidaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Nakumbuka nimekaa na leja mapajani, nikiwaza jinsi ambavyo ningeweza kuondoka na kumwachia anayenirithi fujo ambayo isingetatuliwa kwa mwaka mzima, na hakuna ambaye angejua. Ndipo nikamkumbuka Luwum akienda na askari wake langoni. Nilikaa na yule kijana siku mbili, tukahesabu kila rafu hadi boksi la mwisho la misumari, nikamkabidhi funguo mkononi. Ofisi ile ilikuwa imeniondolea kazi. Nisingekubali iniondolee na moyo.

Namirembe walikuwa wamechimba kaburi karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lakini mwili haukuletwa. Serikali iliupeleka Mucwini uzikwe huko. Jumapili ya tarehe 20 maelfu ya watu walipanda kilima kile hata hivyo. Baada ya ibada walilizunguka shimo lililo tupu, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akatamka maneno ya malaika: "Hayupo hapa, kwani amefufuka." Wapo wahubiri ambao, wakifika hapa, hukimbilia Aprili 1979 na kuanguka kwa Amin, kana kwamba hapo ndipo imani ya Luwum ilipothibitishwa. Mimi napenda kubaki kwanza na wale waliosimama kandokando ya kaburi, ambao hawakujua lolote kuhusu 1979, na ambao wangeshuka kilima wakirudi katika mji uleule wenye askari walewale. Walianza kuimba nyimbo za ufufuo, na waliimba kwa muda mrefu.