Tupeni Miezi Mitatu Mbele ya Ubao Mmoja

Jumanne iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini na bahasha ya kaki mkononi, akaiweka mezani, akakaa kabla sijamkaribisha. Si kawaida yake. Ndani ya bahasha mlikuwa na pasipoti na karatasi moja yenye visanduku vingi. Kimoja kilikuwa kimetiwa alama ya vema: kuna mashaka kama mwombaji ataondoka kabla viza yake haijaisha.

Alikuwa amealikwa Ulaya kwa wiki tatu, kwenye mafunzo yanayokutanisha wanahisabati na wanafizikia wanaochunguza mawimbi ya bahari na ya anga. Nauli ilikuwa imeshalipwa na waandaaji. Malazi pia. Barua ya chuo ilikuwepo, yangu ilikuwepo, na ya mama yake aliyeapa kwa mkono wake mwenyewe kwamba binti ana wadogo watatu anaowasomesha. Ada ya viza ni euro 90 na hairudishwi.

"Mwalimu, kwani wanadhani nitabaki huko nifanye nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nimekaa na swali hilo siku kadhaa, na ndilo linaloniandikisha leo.

Binti huyu amezaliwa Katosi, hapa Uganda, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na wajomba zake ni wavuvi wa mukene, yaani dagaa. Anachokisoma amekikuta nyumbani. Dunia inavyozunguka, kila kinachosafiri kaskazini ya ikweta hupinda kuelekea kulia, na kusini yake hupinda kushoto. Penye ikweta yenyewe kupinda huko ni sifuri. Kila aliyepita barabara ya Masaka ameshuka Kayabwe akaonyeshwa mabeseni mawili, moja upande huu wa mstari na jingine upande ule, na ua dogo likizunguka juu ya maji. Hatua chache kutoka mstarini nguvu hiyo ni ndogo mno kuweza kuzungusha maji ya beseni. Kinachoyazungusha ni jinsi yalivyomiminwa. Lakini panua beseni liwe bahari nzima, au anga lote la tropiki, nguvu hiyohiyo inatawala.

Mwaka 1966 Mjapani Taroh Matsuno alikaa na milinganyo akaonyesha kwamba ikweta ni kama mfereji: yapo mawimbi yanayonaswa humo na kusafiri kuufuata mstari bila kutawanyika kaskazini wala kusini. Ikapita nusu karne. Mwaka 2017 Pierre Delplace na Antoine Venaille wa Lyon, Ufaransa, pamoja na Brad Marston wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakaonyesha kwamba mawili kati ya mawimbi hayo, yale ambayo nishati yake daima huelekea mashariki, yapo kwa sababu ya topolojia, hisabati ya sifa zisizobadilika hata umbo likivutwa au kupindwa. Ni hisabati ileile inayoeleza kwa nini katika vitu fulani elektroni hukimbia ukingoni na kukwepa katikati. Niliposoma makala hiyo mara ya kwanza nilisimama, nikatembea chumbani. Mtu anayejua elektroni na mtu anayejua bahari wamekaa pamoja wakagundua kwamba wamekuwa wakiongea jambo moja.

Ikweta hiyo inapita hapa. Inakata Ziwa Victoria, ambalo usiku lina mambo yake: mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana katikati ya ziwa, na radi huanza saa zilezile ambazo wajomba wa binti huyu wako nje na taa zao. Sioni wivu kwa wale wa Lyon, nawashukuru. Ninachodai ni kwamba mtoto aliyezaliwa karibu na mstari huu naye aketi mezani pao akiwa mtafiti, siyo mtu wa kupokea ramani za utabiri zikishachorwa.

Watu wanaposema "ushirikiano wa kimataifa" huwaza mkutano wa siku nne, kitambulisho shingoni, picha ya pamoja kwenye ngazi. Nimehudhuria mingi ya aina hiyo. Sikumbuki hata mmoja uliozaa mlinganyo. Ushirikiano kati ya mwanahisabati na mwanafizikia unahitaji kitu kimoja ambacho hakuna anayependa kukilipia, nacho ni muda. Hawa ni watu wa lugha mbili. Mmoja akisema "dhahiri" mwenzake hulala macho wiki nzima akitafuta udhahiri huo. Wanafizikia Chen Ning Yang na Robert Mills walitoa mwaka 1954 nadharia yao ya nguvu kati ya chembe ndogo za maada, wakati wanahisabati, kwa njia yao wenyewe na kwa majina mengine kabisa, walikuwa wameshajenga jiometri iliyoifaa nadharia hiyo kama mfuniko na chungu chake. Ilichukua miaka ishirini hivi mpaka wanafizikia wa chuo kikuu cha Stony Brook, New York, Yang akiwa mmoja wao, walipoketi kumsikiliza jirani yao Jim Simons wa idara ya hisabati akiwafundisha jiometri hiyo. Majirani! Chuo kimoja! Sasa wewe unataka Mganda na Mjerumani waelewane kwa mhadhara wa dakika ishirini na maswali mawili?

Aliyelielewa hili kuliko wote ni Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alirudi kwao Lahore mwaka 1951 akiwa na kila sababu ya kukaa huko, akakuta hana mtu wa kuongea naye fizikia. Hakuwa na wenzake, hakuwa na majarida, na chuo kikampa kazi ya kusimamia timu ya mpira. Mwaka 1954 aliondoka kwenda Cambridge, na uchungu wa kuchagua kati ya nchi yake na kazi yake haukumtoka. Ndipo akapigania kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichofunguliwa mwaka 1964, miaka kumi na mitano kabla hajapata Nobeli. Kiini cha kituo kile ni mpango mdogo tu: mtafiti wa nchi maskini anakuja miezi kadhaa, anafanya kazi na wenzake, anarudi kwao kufundisha, kisha anakuja tena. Na tena. Halazimiki kuhama ili aendelee kuwa mwanasayansi. Wapo waliokwenda wasirudi, sikatai, na Salam mwenyewe hakurudi. Lakini dawa ya kutorudi ni kumhakikishia mtu kwamba akirudi kwao hatazikwa. Kisanduku chenye alama ya vema kinamwambia kinyume chake.

Nitaambiwa kuna intaneti. Haya, nakubali, imetusaidia. Makala za watu zinapatikana bure siku hiyohiyo zinapotoka, na wakati wa korona nilihudhuria semina nikiwa jikoni kwangu Ntinda. Ila nionyesheni ni nani aliyejifunza kufikiri na mtu asiyemjua kupitia kioo kinachoganda kila dakika ya kumi. Kwa watu ambao tayari ni marafiki, intaneti inafaa sana. Urafiki wenyewe huanza kwingine.

Wangu ulianza Kigali. Pale kuna taasisi ya fizikia ya msingi, dada yake kituo cha Trieste, iliyoanza mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Nilikaa wiki tatu mwaka 2023, nikapangwa chumba kimoja cha kazi na mwanafizikia wa Bukavu, Kongo. Yeye amesomea Kifaransa, mimi Kiingereza, na siku mbili za kwanza tulichekeana tu kwa adabu. Siku ya tatu, wakati wa chai, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Kaka, hii mlinganyo yako, nionyeshe maji iko wapi ndani."

Tukarudi ubaoni. Aliweka kidole kwenye kila kipande cha mlinganyo, kimoja baada ya kingine, akiuliza, "Na hii inafanya nini kwa maji?" Vitatu nilivijibu. Cha nne nilishindwa. Nilikuwa nimekibeba miaka mingi kwa kuwa kilikuwa kizuri kimahesabu, na yeye akapiga hesabu pembeni ya ubao, kwa chaki ya buluu, akanionyesha kwamba kwa ziwa lenye kina kama letu kipande hicho ni kidogo kuliko vingine mara elfu. Akakifuta kwa kiganja. Kesho yake ikawa zamu yangu: suluhisho alilolitumia tangu tasnifu yake halikuwa la pekee. Nilimwandikia la pili chini yake, linalotimiza masharti yote yaleyale. Alilitazama kwa muda mrefu sana bila kusema. Kisha nilipotaka tuanze na masharti ya ukingoni, yale yanayosema maji hufanyaje yakifika ukutani, akanizuia: "Weka kwanza maji, ukuta itakuja nyuma." Kwao "nyuma" maana yake ni baadaye, na hilo nalo nililijifunza pale.

Wiki ile ilinifundisha kuliko mikutano yote ya Ulaya niliyowahi kwenda. Na Kiswahili, ambacho hapa Uganda watu wengi bado wanakiona lugha ya kambi za jeshi na ya sokoni, kilifanya kazi ambayo Kifaransa na Kiingereza vilishindwa kuifanya. Mimi nimekulia nyumba za reli Tororo, nimekisikia tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipokiona kikibeba hesabu ngumu bila kuinama.

Lakini tusiwasingizie wazungu kila kitu. Mwezi Februari 2019, taasisi ile ikiwa bado changa, mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa, na ulifunguliwa rasmi Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu, Kampala na Kigali, miji ambayo basi la usiku linaiunganisha kabla hakujapambazuka sana, ikawa mbali kuliko Kampala na Trieste. Na tangu vita viingie Bukavu Februari 2025, ujumbe wa rafiki yangu huja mara moja kwa wiki tatu, wakati mwingine neno moja tu: "Tuko." Picha ya ubao wetu ninayo kwenye simu. Kazi imesimama kwenye mstari wa kumi na moja.

Na kuna aibu ya karibu zaidi. Katika chuo kimoja ninachokifahamu, idara ya hisabati na ya fizikia zinatenganishwa na ngazi moja, na kuna wahadhiri waliofundisha pale miaka kumi bila kuipanda. Hati za makubaliano na vyuo vya ng'ambo zimejaa makabati. Sijaona hata moja inayotaja nauli ya mtu mmoja kwenda kukaa mahali kwa miezi mitatu, wala ya mgeni kuja kukaa kwetu.

Wageni nao waje, na waje kukaa. Mkutano mkuu wa wanahisabati wa dunia ulianza Zürich mwaka 1897 na haujawahi kufanyika Afrika. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanzania ya leo, aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa, alichekwa na mwalimu na wenzake mpaka mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule ya Mkwawa, alikokuwa amehamia, akasikiliza swali, akarudi maabara kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wapo wanaobisha hadi leo kuhusu maji yenyewe, na wana hoja zao. Ila swali lile limeishi: mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliliandika upya kwa hisabati ya Markov, ile ya mifumo inayoruka kwa bahati nasibu kutoka hali moja hadi nyingine, na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walilithibitisha Canada kwa chembe ndogo ndani ya maji. Mpemba mwenyewe aliishia kazi ya wanyamapori. Kazi ya heshima, lakini najiuliza kila mara ingekuwaje kama Osborne angerudi tena Mkwawa mwaka uliofuata, na uliofuata huo.

Fedha zisizoweza kuhesabiwa sizitaki. Ninataka chumba kimoja chenye ubao, watu wanne kutoka nchi nne, wawili wa hisabati na wawili wa fizikia, miezi mitatu, na ahadi kwamba mwakani watarudishwa walewale.

Juzi binti wa Katosi alikuja tena ofisini, safari hii akasubiri nimkaribishe. Niliwaandikia Kigali na wamemkubali kwa mwezi mzima. Basi lake linaondoka Jumapili saa mbili usiku. Mama yake amemfungia chapati, amebeba madaftari mawili na kitambulisho cha taifa, na mpaka sasa hakuna aliyemuuliza kama atarudi.