Wakili Akinyamaza Wakati wa Adhabu

"Mheshimiwa, mteja wangu ni mkosaji wa mara ya kwanza na familia inamtegemea. Twaomba korti imhurumie." Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya korti ya Mombasa au Shanzu ameyasikia maneno haya, yakisemwa mbiombio kama dua ya kufunga kikao. Nusu dakika, wakili ameketi. Jioni mteja yuko gereza la Shimo la Tewa.

Je, mtu huyo aweza kukata rufaa na kusema: wakili aliniangusha, si kwenye kesi, bali kwenye adhabu?

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili, na ya kupewa mmoja kwa gharama ya serikali iwapo akikosa kutatokea dhuluma kubwa. Kuhusu ubora wa wakili huyo, hakuna neno. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Strickland ya 1984: mfungwa aonyeshe kwamba wakili alifanya kazi ovyo, tena kwamba lau si uzembe ule, upo uwezekano wa maana kuwa matokeo yangekuwa mengine. Wengi husahau kuwa kesi ile yenyewe ilihusu adhabu. Mfungwa, David Washington, alikuwa amekiri mauaji. Wakili wake hakutafuta mashahidi wa tabia wala ripoti ya daktari wa akili. Washington alishindwa, akauawa kwa kiti cha umeme mwaka huohuo. Jaji Thurgood Marshall alipinga uamuzi ule kwa hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri: ushahidi wa kuonyesha hasara huenda haumo kwenye rekodi kwa sababu ya uzembe uleule unaolalamikiwa.

Wanaotetea kipimo kigumu wana lao, na si dogo. Mfungwa ana muda mwingi wa kutafuta wa kulaumiwa, na wakili hayuko selo kujitetea. Kunyamaza nako huweza kuwa busara: ukimwita mzee wa mtaa amsifu kijana, upande wa mashtaka utamuuliza yale ambayo ungetamani yasitajwe. Familia ya marehemu nayo ingependa kesi ifike mwisho.

Lakini hofu ya mafuriko ya rufaa inafaa zaidi kwa hukumu ya hatia kuliko kwa adhabu. Kurudia kesi nzima ni kuwasaka mashahidi waliohama na askari waliohamishwa. Kurudia kikao cha adhabu ni ripoti ya afisa wa probesheni na asubuhi moja kortini. Ndiyo maana naona kizingiti kingeshushwa hapa: wakili asipouliza chochote kuhusu maisha ya mteja wake, adhabu irudiwe, hatia ibaki palepale. Hata Marekani, katika kesi ya Glover ya 2001, mahakama ilikataa hoja kwamba kuongezewa miezi 6 hadi 21 ni jambo dogo mno.

Kwetu, jambo hili lilipata uzito Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kuwa hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Kabla ya hapo, kumwombea muuaji huruma kulikuwa adabu tu. Jaji hakuwa na la kuchagua. Sasa maneno ya nusu dakika yanaweza kuwa tofauti ya kitanzi na miaka.

Mwaka 2021 mahakama hiyo ikafafanua kuwa uamuzi ule unahusu mauaji pekee. Wizi wa mabavu, ambao nao adhabu yake ni kifo, ukabaki nje, nao husikizwa na hakimu, mara nyingi mshtakiwa akijisimamia mwenyewe. Huyu hana hata wakili wa kumlaumu. Huulizwa kama ana la kusema, hujibu "naomba msamaha", basi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 216, inamruhusu hakimu kupokea ushahidi zaidi kabla ya kutoa adhabu. Inamruhusu, haimlazimishi.