Upanga wa Mfalme Haukuingia Kibandani

Jumamosi iliyopita, katika kibanda umiza kimoja cha Mwanga hapa Kigoma, mwalimu mmoja mstaafu alikatiza filamu ya Kihindi ili atufundishe kwamba neno dabingi, yaani kuondoa maneno ya lugha ya filamu na kuweka ya lugha nyingine, limetokana na mfalme wa Uingereza kumgusa askari begani kwa upanga ili kumtunuku cheo. Kwa hiyo, alisema, filamu nayo hutunukiwa cheo cha Kiswahili. Vijana waliitikia kwa heshima. Nami nilinyamaza, kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini kahawa ilinikwama kooni.

Dabingi ya filamu haikutoka kwenye upanga wowote. Neno hilo lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema zilipoanza kusema, na ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya maradufu, lile lile ambalo sisi tulilichukua zamani tukaliita dabo. Basi anayepanda dabo kabini kwenda Kasulu yuko karibu zaidi na asili ya dabingi kuliko mfalme na upanga wake. Sisi wa Ujiji tuliokuwa na redio za deki mbili tuliijua maana hiyo kwa mikono yetu: kaseti ya rumba kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, iliwekwa upande mmoja na kaseti tupu upande wa pili, na kila nakala ya nakala ilizidi kukwaruza mpaka mwimbaji akasikika kama aliyefungiwa mtungini. Hata muziki wa dabu wa Jamaika, ambao King Tubby aliupika Kingston katika miaka ya 1970 kwa kuondoa sauti ya mwimbaji na kuacha besi na ngoma zivume kwa mwangwi, ulipata jina lake kutokana na kunakili huko.

Tena, kwa haki kabisa, filamu tuliyokuwa tukiitazama haikuwa na dabingi, kwa sababu msimulizi alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili juu ya Kihindi kilichoendelea kusikika chini yake. Tamthilia za Kituruki zinazosemeshwa Kiswahili ndizo zenye dabingi.

Nakubali, shingo upande, kwamba neno la upanga, yaani dub ya Kiingereza ya kumtunuku askari cheo, lipo na ni kongwe. Kumbukumbu za Waingereza za karne ya 11 zinalitumia kwa mfalme William na mwanawe Henry. Baadaye lilipata maana ya kupamba na kuandaa, ndiyo maana mafundi wa ngozi walilitumia kwa kupaka mafuta, na wafugaji kwa kumkata jogoo undu, ile nyama nyekundu ya kichwani. Hayo ni maneno mawili yanayofanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa ziwani, ambao sijamsikia mtu akiwaita ndugu.

Nilimfuata mwalimu nje nikamweleza yote hayo kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama jogoo wangu nimeshamkata undu.