Chungwa la Muheza na jicho la dalali

Tukikutana wakulima wa Tanga, kilio ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ni kilio cha haki. Sheria ya Vipimo na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini nenda Lushoto wakati wa viazi uone kilemba kilivyoshonwa juu ya gunia, na bei ni ya gunia moja. Hata hivyo, mwenye lumbesa angalau ana gunia. Sisi wa machungwa hapa Muheza wengi tunauza yakiwa bado mtini, bila gunia wala mizani. Tunauza kwa jicho, tena jicho la mnunuzi.

Mwaka juzi dalali alikuja kwa mama. Akazunguka miti yetu 60, mikono nyuma, shingo juu. "Mama, hapa kuna machungwa elfu kumi na mbili. Nikisema zaidi nitakuwa nakudanganya." Wakakubaliana shamba zima kwa mkupuo, kwa kuwa ilikuwa Juni na mdogo wangu alikuwa anajiandaa kwenda kidato cha tano. Siku ya kuchuma mama akaweka kigoda chini ya mwembe, na kikopo mkononi. Kila vijana walipotimiza mia, yeye alitia kijiwe. Jioni vijiwe vilikuwa 171, yaani machungwa 17,100.

Kilichoniuma ni kwamba wale vijana walikuwa wanahesabu kwa sauti, maana wanalipwa kwa idadi. Mpakiaji anajua idadi, mwenye Fuso anajua, na huko mjini muuzaji wa mkokoteni anauza moja moja. Asiyejua ni mwenye shamba peke yake.

Dalali simchukii. Chungwa likishachumwa halingoji mtu, naye ndiye anayejua nani anataka mzigo Dar na nani anavusha Horohoro kwenda Mombasa. Ndiye pia anayebishana na wateja wanaodhani kijani ni ubichi. (Si ubichi. Joto la usiku huku kwetu haliliachi ganda ligeuke vizuri, hata kama ndani ni asali.) Alipwe kazi yake. Yale machungwa elfu tano na mia moja ya mama, yaliyozidi makadirio yake, hayakuwa malipo ya kazi.

Kule Kagera, kuuza kahawa ingali shambani kunaitwa butura, na serikali imeipiga vita miaka mingi. Huku kwetu jambo lenyewe halina hata jina, tunasema tu "nimeuza shamba", kama vile tumeuza kuku.

Mwaka huu yule yule karudi. Mama akamwambia, "Mwanangu, tunahesabu kwanza." Akacheka, akawasha pikipiki. Siku ya nne akarudi na bei ya chungwa moja moja, ndogo kuliko tulivyotaka. Mama akaichukua, akaingia ndani kutafuta kikopo.